Vikoyi vya Mama

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili msomaji asinilaumu mbele ya safari. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi najiuliza anataka nini, na mteja akisifia mchele wangu kabla ya kuuliza bei, jicho langu haliondoki kwenye mzani. Nina duka la nafaka Bukoto, karibu na soko, na katika kazi ile kushuku ni sehemu ya mtaji. Kwa hiyo dada yangu alipoanza kuficha kitu, mimi ndiye niliyegundua kwanza. Nilichokosea ni kudhani kwamba najua anaficha nini.

Dada ni mkubwa wangu, mjane, na anakaa kwenye fleti nyuma ya duka langu. Sisi ni watu wanene. Mababu zetu waliletwa huku Uganda kutoka Sudan wakiwa askari wa mkoloni, na walichotuachia ni dini, Kiswahili cha kambini na hamu ya kula. Kwetu mtu mnene ni mtu aliyetunzwa. Mama yetu, ambaye bado anakaa Kibuli chini ya msikiti, alikuwa mpambaji wa maharusi mpaka macho yake yalipokufa. Bibi harusi akiwa mwembamba, Mama alimkunjia vikoyi chini ya gomesi, kimoja juu ya kingine, mpaka nyonga zijae na wakwe wasipate la kunong'ona. Kila mwanamke wa Kampala anayevaa gomesi, lile gauni kubwa la mshipi kiunoni, huvaa kikoyi ndani ili kitambaa kisimshike mwili. Mama aliifanya hiyo kuwa sanaa.

Lakini unene nyumbani kwetu ulikuwa na sababu nyingine, na hiyo haikuwa ya kuchekesha. Kaka yetu alikufa katika miaka ile ya silimu, ndio UKIMWI, uliopewa jina hilo kwa sababu ulikausha watu. Alikonda mbele ya macho yetu, na majirani walijua kabla hajasema. Tangu hapo Mama hakumwamini mtu aliyekonda. Macho yalipokwisha, mkono ulichukua kazi yao. Ukienda kumsalimia, nasi huenda kila Ijumaa, anakuvuta kifuani, mkono wake unapita mgongoni hadi kiunoni taratibu, halafu anasema, "Kale, uko sawa," yaani haya basi, kwa Kiganda, au hasemi. Akinyamaza, ujue utalishwa siku hiyo mpaka upumue kwa shida.

Dada alipata uvimbe kwenye titi. Ulikaa humo muda mrefu bila kujulikana, kwa sababu titi lilikuwa kubwa na uvimbe ulikuwa ndani sana, na yeye si mtu wa kujipapasa. Alipougusa siku moja akioga ulikuwa umeshakuwa mgumu kama kokwa la parachichi. Hospitalini wakatoa kipande, tukangoja, tukaambiwa ni saratani, tena ya ile aina kali inayokimbia.

Daktari wetu alikuwa kijana wa Kiganda aliyekulia kambini, baba yake askari, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha. Alituketisha, mimi na Dada, akasema kwanza ataanza na dawa za mshipani ili kuupunguza uvimbe, baadaye upasuaji. Halafu akasema habari ya unene.

"Mama, watu wanafikiri mafuta ya mwili ni kama gunia ya posho, imekaa tu pale stoo. Hapana. Hii mafuta iko na kazi. Inatengeneza homoni, inatuma habari kwa damu, inaamsha mwili yote iwe kama inachemka kidogo kidogo. Na hii kansa ya kali inapenda hiyo. Inapata chakula, inapata njia ya kutembea."

"Kwa hiyo mafuta ndiyo imeleta?" nikamuuliza, maana sauti yake nilianza kuishuku.

"Sijasema imeleta, nyabo. Hata wembamba wanapata. Nasema ikiwa imeshakuja, mafuta mingi inaweza kuisaidia kusambaa. Basi tunapunguza, pamoja na dawa. Atembee, aache vya kukaanga. Pole pole. Sitaki mtu wa kukauka hapa."

Nilimtazama. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba koti lake jeupe lilining'inia kama limeanikwa. Mtu kama huyo akikuambia unene ni mbaya lazima ujiulize kama anasema sayansi au anasema roho yake. Nilishuku pia kwamba maneno haya yametengenezwa ili kesho, mambo yakiharibika, lawama iwe juu ya mwenye mwili. Baadaye niliuliza kwa wengine na nikaambiwa hakudanganya, lakini siku ile nilimchukia. Tulipoinuka akanielekezea kalamu mimi. "Na wewe dada yake, upimwe pia. Mmetoka tumbo moja."

"Kwanza huyu apone," nikasema, nikafunga mlango.

Nje, kwenye ngazi, Dada akanishika mkono. "Mama asijue. Na wewe mdomo yako ni redio. Ukimwambia, wallahi sitakuja tena hapa."

Nikaapa. Nikaanza kazi ya kumlinda, ambayo yeye aliita kazi ya polisi.

Nitasema wazi nilichoogopa. Dada yangu alipenda kikomando kuliko kitu chochote, zile chapati zinazokatwakatwa zikamwagiwa maharage, na kibanda cha kikomando kilikuwa mkabala na fleti yake. Niliona kwamba maisha yake yako pale barabarani, kwenye kile kikaango, na kwamba nikilegea kidogo tu ugonjwa utapata ile njia aliyosema daktari. Asubuhi nilimwona akitoka kutembea na nikashuku anaishia wapi. Nilimuuliza muuza chapati kama dada yangu amepita, akasema hajamwona siku nyingi. Nikamshuku na yeye, kwa sababu aliyasema haraka mno.

Miezi ikapita na dawa zikaendelea. Nywele zilikwisha, kucha zikawa nyeusi, lakini mwili haukupungua. Uso ndio kwanza ulizidi kuwa mviringo, mashavu yakameta. Alizoea kuvaa dera jepesi nyumbani, sasa kila nikimkuta amevaa nguo nzito na buibui juu yake, hata jua likiwa kali. Alisema ni baridi ya dawa. Nilimzunguka kwa macho. Kiuno kilekile, nyonga zilezile. Nikasema moyoni: huyu anakula, na kuna mtu anamlisha.

Mtu mwenyewe sikumtafuta mbali. Mlango wa pili pale kwenye fleti alikaa mama mmoja Mkongo, mkimbizi wa kutoka mashariki ya Kongo, muuza vitenge, mtu wa kanisa na wa kucheka kwa sauti. Karibu kila jioni alikuwa anaingia kwa Dada na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, anatoka nalo baadaye likiwa bado limefunikwa. Wakongo na mawese mnawajua. Ile harufu ya mafuta mekundu ilikuwa puani mwangu hata pale ambapo haikuwepo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliona mwenye kumla dada yangu amevaa kitenge na anakaa mlango wa pili.

Siku moja nilimkaba koridoni. Sikumpiga, nilisimama tu mbele yake, na mimi nikisimama koridoni hakuna anayepita.

"Fungua hiyo bakuli."

Akafungua. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na vipande viwili vya samaki.

"Mawese iko wapi?"

"Sikutia mawese, dada. Yeye njo alinikataza. Ata hivi anakulaka kidogo tu, vijiko mbili, tatu, anaacha. Mi namubembeleza sawa mutoto."

"Mtu mwenye mwili ule anabembelezwa kula?"

Yule mama alinitazama vibaya, akatazama mlango wa Dada, akafunika bakuli lake. "Uliza dada yako," akasema. "Mi sina kinywa ya kusema ya watu."

Jibu kama hilo kwa mtu kama mimi ni petroli. Nikamwendea Dada, nikamwambia nimejua kwamba anakula kwa siri, na kwamba sitakwenda kumzika mtu aliyejiua kwa chapati. Nililia nilipokuwa nikisema, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Alikuwa amekaa kitandani na buibui lake. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na pumzi.

"Wewe chunga tu," akasema. "Ukinipata na kikomando, uniitie askari."

Ile namna ya kucheka niliishuku kuliko yote.

Halafu ikaja kwanjula ya binti wa nyumba ya nyuma yetu, ile siku ambayo upande wa mume huja kujitambulisha kwa wazazi. Wanawake wa mtaa tuliombwa tukae upande wa wenyeji, na Dada, pamoja na ugonjwa wake, alisema atakwenda, maana asipoonekana watu watauliza. Alivaa gomesi ya zambarau na mshipi wa dhahabu. Alikuwa mkubwa kuliko sote pale hemani. Niliwaona wanawake wawili wakimtazama kwa kuridhika, na mmoja akasema, "Bambi, maskini, na dawa zote zile, mwili haujamwacha." Dada alisikia. Aliinua kidevu kama mtu aliyepewa zawadi.

Jua la saa saba lilikuwa juu ya turubai. Wageni walipoingia wanawake tukapiga magoti kuwasalimia kama desturi ilivyo, na walisalimiana taratibu, msemaji wao akitia mzaha kila neno. Tulipoinuka, Dada hakuinuka. Alikwenda upande, polepole, akalala juu ya mkeka, macho yakiwa meupe.

Mimi na yule mama Mkongo ndio tuliokuwa karibu. Tulimbeba hadi chumba kimoja cha wenyeji, na nilishangaa mikono yangu haikuumia. Nikashika ule mshipi na kuufungua, ili apate hewa. Gomesi ikalegea. Chini yake kulikuwa na kikoyi, kama ilivyo kawaida, nikakivuta. Chini yake kulikuwa na kikoyi kingine. Nikakivuta hicho pia, kizito kwa jasho, na kikafuata cha tatu, na chini ya cha tatu kipande cha blanketi kimeshonewa kamba kiunoni. Nilikuwa nikivuta nguo na nguo haziishi. Yule Mkongo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwishoni nikamfikia dada yangu, na alikuwa nusu ya mtu niliyemjua. Mifupa ya nyonga ilionekana, ngozi ya tumbo imebaki ikining'inia bila chochote ndani.

Nilisahau chapati zote. Kitu kimoja tu kilikuja kichwani: umemla. Ugonjwa umesambaa, umemmaliza kutoka ndani, na mimi nimekuwa nikichunga kibanda cha barabarani.

Alipofungua macho na kuona vikoyi sakafuni alifunika uso. "Usimwambie Mama," akasema, kabla ya maji, kabla ya kitu kingine chochote.

Kesho yake tulikuwa kwa daktari. Safari hii muuguzi alimpima akiwa na shuka la hospitali peke yake. Daktari alitazama mzani, akamtazama Dada, na sauti yake ikapanda kidogo.

"Mama, hii dawa tunapima kwa uzito na urefu ya mtu. Hizi wiki zote tumepimia mtu na mzigo yake. Ni sumu hii dawa, haichezewi. Kwani huli?"

"Nilifunga njia," Dada akasema.

"Njia gani?"

"Wewe ulisema mafuta ni njia ya kutembea. Nikasema mimi nitaifunga."

Hapo ndipo tulipoelewa. Kati ya maneno yote ya siku ile ya kwanza alichukua lile moja na kwenda nalo nyumbani. "Pole pole" hakuisikia, au aliisikia akaona ni adabu tu ya madaktari. Alitembea kila asubuhi mpaka Kisaasi na kurudi, hakugusa chapati, na baadaye hakugusa karibu kitu. Yule mama wa mlango wa pili aliona sufuria zake zimekauka akaanza kuleta bakuli. Na uso wa mviringo ulionidanganya, daktari akasema, ulitokana na ile dawa nyingine aliyopewa ya kuzuia kutapika, ambayo huvimbisha mashavu. Nilikuwa nimeshuku kila mtu wa mtaa isipokuwa uso.

Daktari hakumgombeza tena. Alivuta kiti karibu. "Kupunguza ni vizuri. Kufa njaa si dawa. Mwili ikikosa nguvu, mimi nitapigana na nini?" Akaandika vipimo vya mapafu, ini na mifupa, maana hakuweza kujua kwa macho kama wembamba ule umeletwa na njaa ya mtu au na ugonjwa uliotembea.

Siku za kungoja majibu nilishindwa hata kupima mchele. Kitu kilekile tulichokuwa tumekiomba, kwamba apungue, sasa kilikuwa kinatutisha, na hakuna aliyeweza kuniambia nikifurahie au nikililie. Kila alipokohoa nilishuku mapafu. Aliposhika mgongo nilishuku mifupa. Nilimkalisha dukani kwangu kwenye kiti, nikampikia uji wa karanga, nikasimama juu yake mpaka aumalize.

Majibu yalisema mapafu ni masafi, ini ni safi, na uvimbe umepungua. Upasuaji utafanyika akishapata nguvu. Daktari alisema bado ni mapema kushangilia na hakushangilia. Mimi nilimshika mkono na nikausahau mkononi mwangu mpaka akauomba.

Ijumaa tulikwenda Kibuli. Dada alisema hawezi tena kujaza mwili wake kwa nguo, na kwamba kama ataingia chumba cha upasuaji bila Mama kujua, hatapata usingizi hata huo wa sindano. Alivaa gauni moja na mtandio. Vikoyi alivibeba mkononi, vimefuliwa na kukunjwa. Vilikuwa vya Mama, alivichukua kutoka sanduku lake la kupambia maharusi.

Mama alikuwa amekaa kitandani kwake, tasbihi mkononi. Dada akapiga magoti, akajisogeza. Mkono ukaanza safari yake begani, ukashuka mgongoni, ukafika kiunoni na kusimama. Niliona vidole vikitafuta kitambaa na kukuta mtu.

"Leo umekuja mwenyewe," Mama akasema. "Ijumaa zote hizi nimekuwa nikisalimia vikoyi vyangu."

Dada akaviweka vile vikoyi kitandani, kando yake.

"Mnafikiri mkono huu uliowavika maharusi wote wa mlima huu haujui pindo lake? Siku ya kwanza tu nilijua. Nikafungua sanduku, nikahesabu kwa vidole. Nikasema nitangoja. Mtu akichoka na nguo atavua." Sauti yake ikapungua. "Niambie sasa. Ni ile ya kaka yenu?"

Miezi yote hiyo, basi, alikuwa amekaa pale gizani na jina la silimu peke yake, akimpapasa binti yake kila Ijumaa na kusema kale, uko sawa. Huu ujuzi wangu wa kushuku, kumbe nimeurithi.

"Hapana, Mama," Dada akasema. "Ni kansa. Ya titi. Ya kali. Lakini haijatembea."

Mama akasema alhamdulillahi, halafu akaanza kulia, na alilia kwa muda mrefu, kichwa cha Dada kikiwa mapajani pake. Alipapasa kile kichwa kisicho na nywele na kuuliza mambo ya dawa, ya kukatwa, ya maumivu. Dada alimjibu yote. Alimwambia hata habari ya mafuta, kwamba ugonjwa huu ukimkuta mtu mnene unaweza kupata nguvu ya kusambaa, na kwamba titi kubwa liliuficha mpaka ukakua. Mama alisikiliza sana. Niliona uso wake ukifanya hesabu, mwanamke aliyewanenepesha wasichana wa watu maisha yake yote.

Kisha akainua mkono kuelekea nilikokaa. "Na wewe, redio. Sogea."

Nikasogea. Mkono ukanipita mgongoni, ukafika kiunoni, ukabana nyama, ukabana tena pembeni. Nilingoja aseme niko sawa, kama anavyosema siku zote.

"Huyu hana kikoyi," akamwambia Dada, kama vile mimi sipo. "Huu wote ni yeye." Akanigeuzia yale macho yasiyoona. "Wewe unayemchunga kila mtu. Daktari amekuangalia?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba mimi sina kitu, nikakumbuka kwamba sijawahi kutazama.